Gramu Mbili na Nusu

Vua koti, Pahoua, theluji yake ibaki mlangoni.
Vaa kofia, funika nywele, funika hata nyusi:
humu ndani unywele mmoja ni gogo lililoanguka njiani.
Haya, inamia hadubini. Unauona?
Utepe wa chuma, mwembamba kuliko ukucha wa kichanga,
mfupi kuliko nusu ya njiti ya kiberiti.
Huo ndio mkono. Nchani umebeba kichwa,
na kichwa hicho hakina jicho wala sikio
ila kinasoma.

Chini yake sahani inazunguka
mara mia na ishirini kwa sekunde,
na upepo wa mzunguko wake unakiinua kichwa.
Chuma kinasukuma chini, upepo unasukuma juu,
na kati ya wagomvi hao wawili
pana mwanya ambao chembe ya moshi haipenyi.
Mwanya huo ndio unaotulipa mshahara
mimi na wewe na nusu ya mji huu wa Minnesota
ambao nusu yake nyingine hulima mahindi.

Gramu mbili na nusu, basi.
Zikizidi, kichwa kinaparuza sahani
na harusi ya mtu inageuka vumbi.
Zikipungua, kinapaa mbali,
na asomaye kwa mbali huzua.

Wateja wanataka mkono mkaidi ubavuni,
usiyumbe unapotumwa kushoto au kulia,
lakini uwe mpole juu na chini,
sahani ikiinama, kichwa nacho kiiname.
Binadamu wa hivyo sijampata, na nimeolewa mara mbili.
Chuma cha hivyo tunakikunja hapa, meza ya nne.

Mkono wangu wa kwanza uliimba.
Usicheke. Hezi elfu tisa na mia mbili,
sikio halikuusikia, leza iliusikia.
Nikautia mbavu pembeni: sauti ikahama, haikufa.
Nikabandika utando wa kunyonya mtetemo:
ukanyamaza, lakini ukawa mzito,
ukitumwa unafika wakati neno limeshapita.
Wiki tatu nilikula chakula cha mchana garini,
injini ikiunguruma, nisionane na mtu.

Nimezaliwa na mtu wa kuongeza, unaelewa.
Kule chini ya nyumba yetu, baba alikuwa na santuri,
sindano ikiruka, akabandika senti moja juu ya mkono wake.
Ikiruka tena, senti ya pili.
Tulipohama, mkono ule ulikuwa na senti kumi na moja
na santuri zote zilikuwa zimechimbwa mifereji.

Lowell Tesch, fundi wa kalibu,
kidole cha shahada kimekatika kwenye kifundo,
alikuja kuazima kikokotoo changu.
Akautazama mchoro. Akautazama tena.
Akasema: Ardith, umejaribu kutoa?
Kutoa nini?
Chuma.

Tukatoboa tundu karibu na ncha,
umbo la mbegu ya tikiti, si kubwa kuliko hiyo.
Sauti ikapanda, ikapanda,
ikavuka pale ambapo mota inaweza kuichokoza,
ikaenda zake huko inakoimba hadi leo
bila kumsumbua mtu.
Lowell hakurudisha kikokotoo.

Tundu lile halina jina lake.
Limo kwenye kompyuta za mahakama, za kliniki,
na kwenye ile ya mama yako, uliyosema
imehifadhi sauti ya bibi yako akisimulia kwa Kihmong
namna walivyovuka mto.
Sikukwambia hivyo ili uogope.
Au labda kidogo.

Shika kibano. Si hivyo, kama unayetoa mwiba.
Uweke juu ya kipimo, uache wenyewe ukae.
Vidole vinatetemeka? Vyangu pia, kila Jumatatu,
ndiyo maana kahawa inabaki nje pamoja na koti.
Soma namba kwa sauti.

Mbili nukta nne tisa.

Sawa. Mwingine.